Hodi ya Tatu ya Fundi Kadzo

Saa nne kasorobo asubuhi. Ndani ya duka jembamba la Ndia Kuu, Mji wa Kale, Fundi Kadzo Karisa anafungua kibao cha plastiki kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Anatoa skurubu nne, anazikusanya ndani ya kizibo cha soda zisije zikapotea, kisha anachovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti.

"Hiki kimelishwa kashata," anasema bila kuinua kichwa. "Mtu anateza huku anakula. Halafu aje aniambie, Fundi, kitufe kimenata! Kisinate kwani?"

Kibao hicho chenye vitufe ndicho kinachoshikwa na mtu anayecheza gemu kwenye televisheni. Kadzo, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hutengeneza pia redio, feni na pasi. Redio moja humpa shilingi mia moja na hamsini, na zipo siku haingii hata moja. Lakini mwandishi wa makala haya hakuvuka Daraja la Nyali kwa ajili ya pasi. Alisikia kwamba yuko mwanamke Mji wa Kale anayewaandikia barua watengenezaji wa gemu wa Mashariki ya Mbali, kuwaeleza walipokosea. Lo! Habari kama hiyo mtu huiachaje ikapita?

Gemu yenyewe hapa mtaani huitwa Zizi. Jina lake halisi limeandikwa kwenye boksi kwa maandishi ya kwao, na tangu hapa hadi Tononoka hajapatikana wa kuyasoma. Mchezaji huzunguka visiwani akitafuta viumbe wa ajabu, kila mmoja nyumbani kwake, na kuwakusanya zizini. Wako mia moja na ishirini. Watoto wamewabandika majina yao wenyewe: yuko Kidaka, anayejificha ukutani, yuko Bi Shungi, yuko Bwana Tumbo, ambaye hatoki mpaka anuse chakula.

Zizi la Kwanza lilifika Ndia Kuu mwaka 1992, la Pili likafuata, na yote mawili yalipendwa kupita kiasi. La Tatu lilikuja mwaka jana. Lilichezwa wiki moja, likaachwa.

Mwezi wa Machi, Zoher, mwenye duka, alirudi kutoka Dubai na jarida la Kiingereza la mambo ya gemu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tangazo: Zizi la Nne halitatengenezwa mpaka kampuni ipate wazo jipya kutoka kwa wachezaji. Mwisho wa kupokea barua ni tarehe 31 Desemba, mwaka huu wa 1998.

Kadzo ameshaandika barua mbili. Hajajibiwa hata moja.

Mtu mwenye pasi saba mezani ana haja gani na gemu ya watoto? Kadzo anapoulizwa hivyo anacheka, anaelekeza bisibisi darini. "Nani kakwambia ni ya watoto? Mwenyewe yuko juu."

Mwenyewe ni Khatijabai, mama yake Zoher, miaka sabini na miwili.

Kadzo aliingia nyumba hii mwaka 1974, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Kaloleni, kufanya kazi za ndani. Mume wa Khatijabai, marehemu Abdulhussein, ndiye aliyekuwa fundi redio. Kila asubuhi Kadzo alipangusa meza yake ya kazi na kurudisha kila kitu mahali pake.

"Siku moja nikaona waya umechomoka ndani ya redio," anakumbuka. "Nami nimezoea kurudisha vitu mahali pake, nikaurudisha. Redio ikaimba! Nikajua leo nafukuzwa."

Abdulhussein hakumfukuza. Alivuta kigoda cha pili. Wakakaa meza moja miaka kumi na sita, mpaka mzee alipofariki mwaka 1991.

Khatijabai akakaa eda ghorofani, miezi minne na siku kumi, kama ipasavyo. Eda ikaisha. Yeye hakushuka. Mwezi wa tano ukapita, wa saba, wa tisa. Chakula kilipandishwa, sahani zikateremshwa nusu zikiwa zimejaa. Zoher alimbembeleza mpaka akachoka. "Bai alikuwa anazimika huku tunamtazama," anasema Kadzo, na hapo anaweka kijiti chake chini. "Iliniuma, wallahi. Yeye ndiye aliyenifundisha mji huu."

Hapo ndipo Zizi la Kwanza lilipokuja. Zoher alinunua mashine ya kuichezea ikiwa imetumika, akaiweka dukani, na kitufe cha kumtoa kiumbe nyumbani mwake kilikuwa kimechoka. Ukibonyeza mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, huyo kiumbe anatokea mlangoni!

Maelezo yalikuwepo kwenye televisheni, lakini nani angeyasoma? Basi watoto wa Ndia Kuu wakajieleza wenyewe kwa walivyolelewa. Umesimama kwenye nyumba ya mtu. Unataka atoke. Utafanya nini? Si utapiga hodi? Na hodi ni ngapi? Ni tatu. Hakuna aliyewaza kwamba kitufe ni kibovu. Wakawa wanabonyeza na kupaza sauti dukani: "Hodi! Hodi! Hodi!"

Saa tano inapogonga, ngazi za ndani zinalia. Khatijabai anashuka, mkono mmoja kwenye kamba ya ngazi, mwingine umeshika rida, vazi lake refu la rangi ya zambarau, lisimkwaze. Mwandishi anasimama, anamwamkia. Anaitika, anauliza habari za nyumbani, za kazi, za njiani, na hakai mpaka amejibiwa zote. Kisha anaisimulia siku ile mwenyewe.

"Niko kitandani, nasikia hodi, hodi, hodi. Kimya. Tena, hodi, hodi, hodi. Kimya! Arre, nikasema, hawa watu wa chini wamekufa? Mgeni anabisha mara zote hizo na hakuna wa kumkaribisha? Nyumba ya Abdulhussein haijapata kumwacha mgeni mlangoni. Nikajifunga rida, nikashuka na hasira zangu. Nimefika hapa kwenye ngazi ya mwisho nikasema, Karibuni!"

"Watoto wote wakageuka," Kadzo anadakia. "Nami chozi linanitoka, chuma cha kulehemu mkononi, nimeunguza redio ya watu."

Mgeni hakuwapo. Kulikuwa na kiumbe wa kijani mwenye masikio matatu. Khatijabai alimtazama, akauliza huyu ni nani na anataka nini. Akapewa kigoda akae na kibao acheze. Tangu siku hiyo akawa anashuka kila siku, na leo hii hakuna mtoto anayemfikia. Zizini mwake wamo mia moja na kumi na tisa.

Amekosa mmoja tu. Watoto wanamwita Asiyeitika. Nyumba yake iko kwenye kisiwa cha mwisho, na Khatijabai ameipigia hodi miaka miwili sasa. Hatoki.

"Simlaumu," anasema bibi. "Labda hana nafasi. Labda hanitaki. Nyumba ni yake. Napiga tatu, nageuka, siku nyingine narudi."

Kosa kubwa katika hadithi hii ni la Kadzo mwenyewe, na analikiri bila kuminywa. Mwaka 1995, kwa wema wake wote, alikifungua kile kibao, akabadilisha kipande cha mpira kilichochakaa, akakifunga. Kitufe kikawa kizima. Bonyeza mara moja tu, kiumbe nje.

"Nilijiona fundi kweli! Mchana watoto wakaja, wakateza dakika mbili, wakanitazama kama nimemwaga pilau ya harusi. 'Fundi, umeharibu!' Bai akaweka kibao chini, akapanda juu. Hakushuka siku tatu."

Siku ya nne Kadzo aliuokota ule mpira mbovu kwenye takataka, akaurudisha. "Ndiyo mara yangu ya kwanza kusifiwa kwa kuharibu kitu."

Na hapo, anasema, ndipo alipofumbuka macho. Zizi la Tatu lilipofika na mashine yake mpya, picha zake ziling'aa, muziki mtamu, kila kitu bonyeza mara moja. Wengine walishangaa kwa nini halikupendwa. Yeye hakushangaa. Stacy, msichana wa darasa la sita kutoka Tononoka, aliyekuja dukani na redio ya mama yake, anaeleza kwa ufupi: "Zizi la Tatu halina adabu. Unaingia tu kwa watu, unachukua. Sasa hapo raha iko wapi?"

Mwandishi akatoa kalamu. Basi Zizi la Nne liwe vipi?

Kadzo ana daftari zima. Anataka kiumbe anayefuata maji ya bahari: yakijaa yuko darini, yakipwa yuko kisimani, na mchezaji ajue saa zake. Anataka kiumbe wa kuazima, asiyekaa zizini kwako milele. Ukishamtumia unamrudisha kwa jirani, na ole wako umrudishe mikono mitupu, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Anataka kiumbe mzee anayenuna ukimwamkia mdogo kabla yake. Mwandishi, ambaye hajawahi kushika kibao maishani, alijikuta anauliza huyo mzee akinuna hutulizwa na nini. Khatijabai akajibu upesi kuliko fundi: "Halua."

Lakini wazo lenyewe, roho ya yote, ni hodi. Usiweze kumpata kiumbe kwa kumvamia. Upige hodi tatu, na kati ya moja na nyingine ungoje. Akiitika, karibu. Akinyamaza, urudi zako bila kununa, na kwa vile ulivyorudi kwa heshima, pengine siku nyingine ataitika.

Shida ilikuwa kuyasema hayo kwa Kiingereza. Barua ya kwanza, ya mwezi wa Mei, ilitafsiriwa na Mwalimu Kenneth, jirani yake Stacy. Kenneth ni mtu mwema, ila aliandika kwamba mchezaji agonge mlango mara tatu.

"Gonga!" Kadzo bado hajamaliza kukasirika. "Polisi ndio wanaogonga. Hodi haipigwi kwa ngumi, inapigwa kwa mdomo. Unaomba. Wamesoma barua yangu wakadhani nataka gemu ya kuvunja milango."

Mwalimu alijitetea kwamba Kiingereza hakina hodi. Barua ya pili, ya mwezi wa Agosti, ikawa ndefu, kurasa tisa, mawazo kumi na manne. Nayo ikamezwa. "Ile niliwachosha," anakiri. "Mgeni gani anaanza kuhutubia mlangoni?"

Wakati huohuo mashine ya kwanza inazeeka. Vipuri vyake havitengenezwi tena, na mwaka huu Kadzo ameshaihamishia vipande kutoka kwenye redio mbili mbovu ili iwake. Tangu Ramadhani iliyopita Khatijabai haji kila siku. Anashuka Jumatano tu, na Jumatano mbili zilizopita alishuka moja.

"Mashine ikifa, na Zizi jipya halipo, akirudi juu nitamshusha na nini?" Kadzo anauliza kwa sauti ya chini, bibi akiwa ameshainamia televisheni. "Hiyo ndiyo haja yangu. Nawaza mengine, lakini hiyo ndiyo."

Barua ya tatu iko mezani, chini ya koleo. Ni ukurasa mmoja. Una wazo moja, na picha tatu alizochora mwenyewe kwa kalamu ya risasi: mtu mlangoni, mtu mlangoni, mlango umefunguliwa. Safari hii Mwalimu Kenneth aliambiwa atafsiri yote ila neno moja aliache lilivyo. Hodi imebaki hodi.

Na wasipojibu?

"Hodi ni tatu," anasema Kadzo akivaa viatu. "Nimepiga mbili. Leo napiga ya mwisho. Wakinyamaza, narudi zangu wala sinuni. Si nyumba yangu."

"Nami, mashine ikifa?" anauliza Khatijabai, macho hayatoki kwenye televisheni. Kumbe alikuwa anasikia yote.

Kadzo anainuka. Anamwekea shali mabegani, anachukua bahasha.

Posta kumejaa watu wa mwisho wa mwezi. Kadzo hapangi foleni. Stempu alishabandika nyumbani. Anakwenda moja kwa moja kwenye ule mwanya wa ukutani unaopokea barua. Anaingiza bahasha nusu, anaishikilia. Midomo yake inacheza. Kisha anaiachia, na kwa mazoea tu, kama mtu aliyefika kwa watu, anasema kwa sauti:

"Hodi!"

Ndani ya ukuta, karani asiyeonekana, aliyekuwa akipanga barua zake na asijue lolote la Zizi wala la Ndia Kuu, anaitika papo hapo:

"Karibu!"

Kadzo anageuka kumtazama mwandishi, mkono mdomoni. Kisha anacheka mpaka foleni nzima inageuka, na anashika njia ya nyumbani kwa haraka, mwandishi akimkimbilia nyuma, kwa sababu leo ni Jumatano na anataka kumwambia Bai kabla hajapanda juu.