Siku Kaswida Ilipokataa Kuisha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenilinda nikiwa mdogo nisiyejua kumwomba, akanipa uzee wa kumshukuru. Kwa jina lake nasimulia.

Harufu ya makumbi ya nazi yanayoungua ilikuwa harufu ya furaha nyumbani kwetu Temeke. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na Jumamosi baada ya swala ya alasiri alitandika mkeka mkubwa barazani tupige dufu. Wanafunzi tulikaa safu moja na watu waliolala juu ya meza za sokoni: Mzee Chande, aliyekuwa kuli wa bandarini mpaka gunia lilipomvunja nyonga, na vijana wawili kutoka kusini, Shomari na Bakari, ambao hawakuwa na dufu ila debe la mafuta. Majirani walinong'ona. Baba aliwajibu, "Dufu halimuulizi mtu kalala wapi."

Lakini masika ya mwaka mmoja, katika miaka ya Ujamaa, furaha yetu ilichanganyika na hofu. Ulikuwa msimu wa msako. Mgambo walizunguka na lori wakikamata wasio na kazi wala makazi, wawapeleke vijijini kulima. Kulima si dhambi, na Baba mwenyewe alilipenda jembe. Kilichotutisha ni kwamba mtu alipandishwa alivyo, bila kuaga, na hatukujua hata mmoja aliyerudi kutueleza alikofikishwa. Lori likinguruma barabarani, mama zetu walihesabu watoto. Mimi nilikuwa na umri wa kama miaka tisa, nami nilianza kulisikia hata lisipokuwapo.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ngozi za madufu zikalegea. Baba akasema tupige hivyo hivyo, tusiwashe moto, moshi usije ukatuitia wageni. Mzee Chande akatikisa kichwa. "Mwalimu, dufu lisilopashwa moto halilii, linakohoa. Tumswalie Mtume kwa kikohozi?" Alikuwa fukara wa kila kitu isipokuwa heshima ya dufu lake. Baba alipoingia ndani kutawadha, mzee akawasha makumbi uani. Yalikuwa mabichi. Moshi ukapanda mweupe, mnene, ukasimama juu ya paa letu kama bendera.

Tulikuwa tumeanza beti za mwanzo lori liliposimama mbele ya nyumba. Mgambo watatu wakashuka. Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye kirungu, akapiga hatua moja kuelekea barazani, kisha akasita, kwa sababu jina la Mtume lilikuwa likitajwa, naye, kumbe, alikuwa mtoto wa Kiislamu kama sisi. Akavua kofia. Akangoja tumalize. Hapo ndipo nilipoelewa: kaswida ikiisha tu, wanamchukua Mzee Chande na wale vijana wawili.

Nadhani Baba alielewa kabla yangu. Alimtupia Mama jicho, Mama akatoka kwa mlango wa uani kwenda kumwita balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Mwanahawa, ambaye neno lake kuhusu wakazi mgambo walilikubali. Beti za kaswida zikaisha, Baba akazirudia. Zikaisha tena, akarudia. Nikapoteza pigo. Mzee Chande, aliyepiga magoti kando yangu, akaninong'oneza bila kugeuka, "Piga, mjukuu wangu. Wewe piga tu." Jasho lake lilidondoka juu ya ngozi ya dufu. Naye alikuwa anaogopa, na kujua hivyo kulinitisha kuliko kirungu.

"Mwalimu," mgambo akaita, "kaswida hii haina mwisho?"

Baba akaimba mpaka mwisho wa ubeti ndipo akajibu, "Inao, mwanangu. Kila kitu kina mwisho."

"Dua la kuku hilo!" akasema mwenzake kando ya lori, wakacheka. Baba akaanza beti upya.

Bi Mwanahawa akafika akihema, kanga imelowa. Baba akamaliza ubeti, hakurudia tena. Mgambo akamnyooshea kirungu Mzee Chande. "Shikamoo, balozi. Huyu ni wa nyumba ipi?"

Bi Mwanahawa akamtazama Baba. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na watoto sita.

"Ni wa nyumba yangu," Baba akasema. "Analala hapa barazani. Mkeka wake ndio huo aliopigia magoti."

"Tangu lini?"

Nikamwomba Mungu Baba aseme uongo, walau mmoja tu. Baba akasema, "Tangu leo."

Mgambo akamkodolea macho. "Ungesema tangu mwaka jana, mwalimu, ungenirahisishia."

"Ningekudanganya, mwanangu."

"Mimi nimesikia," Bi Mwanahawa akadakia, "na balozi ni mimi. Kuanzia leo ni mtu wangu. Mwache."

Mgambo akavaa kofia. Baba akafungua kinywa kuwasemea Shomari na Bakari, lakini yule mgambo akamkatiza: "Mmoja, mwalimu. Baraza si gesti." Wakawapandisha. Bakari alitaka kubeba debe, wakamwambia aliache.

Mzee Chande alilala barazani kwetu miaka mingi, na ni pale tulipomtolea kwenda kuzikwa. Habari za wale vijana hatukuzipata kamwe. Baba aliwaombea kwa majina kila Ijumaa mpaka alipofariki.

Leo naishi Mbagala. Lori lile haliji tena, namshukuru Mola. Vijana wanalala kwenye vibaraza vya maduka wakigonga ndoo za plastiki, na wanajua kugonga. Lakini nyumba zetu sasa hazina baraza, zina kuta zenye vigae vya chupa juu, na mtu akitaka kusema "analala kwangu", atamwonyesha mgambo wapi? Nami najiuliza kama ningethubutu kusema "tangu leo". Hofu ile sijaimaliza. Namwomba Mungu aniwahishe kujibu kabla hofu haijanijibia.

Nawe uliyesoma, Mola akupe nyumba isiyomnyima mtu nafasi, akulaze salama, na akuamshe kwa heri. Amin.