Fungu la Mwenye Mtumbwi

Siku programu yangu ilipouzwa kwa mara ya kwanza, nilipiga kelele mara mbili. Kelele ya kwanza ilikuwa ya furaha, na majirani zetu wa mtaa wa Rugenge, kando ya ziwa, walidhani nimepata mchumba. Ya pili ilifuata muda mfupi baadaye, nilipoona kiasi kilichoingia. Mimi nilikuwa nimeweka bei yangu, na mtu fulani wa ng'ambo akalipa bei hiyohiyo, lakini kilichonifikia kilikuwa kimeshamegwa. Duka la programu, lile ambalo kila mwenye simu hulifungua bila kufikiri, lilikuwa limechukua kumi na tano katika kila mia kabla mimi sijagusa chochote. Nilijua sharti hilo tangu nilipojiandikisha. Lakini kulisoma sharti ni jambo moja na kuliona likikata ni jambo lingine, na hasira zangu mimi hazikai mbali.

Programu yenyewe ni ndogo. Inawafundisha watoto Kifuliiru, lugha yetu: kusalimia, kuhesabu, kuomba maji, kumwambia bibi kwamba umeshiba. Niliitengeneza kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa ng'ambo, ambao wakipigiwa simu na bibi zao hukodoa macho tu kwenye kioo wakisubiri mzazi awatafsirie. Sauti zote ni za mama yangu. Tulimrekodi chumbani, mlango umefungwa, mito imepangwa dirishani kuzuia kelele za pikipiki, naye akakataa katakata kusema "nimeshiba" kwa sauti ya upole niliyoitaka. Alisema mtu aliyeshiba kweli huongea kwa nguvu. Ukiisikiliza leo utadhani anagombana na sahani.

Mama ndiye mwenye mtumbwi. Naandika hivyo ingawa kwa kweli ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao, wavu katikati, na taa zinazoning'inia juu ya maji ili kuwavuta ndagala, yaani dagaa. Alijinunulia mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuuza ndagala wa nyavu za watu wengine. Wavuvi wake ni sita, na kiongozi wao, ambaye huku tunamwita kapita, amevua na mama tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Wakirudi alfajiri, samaki hugawanywa palepale mchangani. Nusu ni ya mama, kwa kuwa chombo, wavu, mota na taa ni vyake. Nusu ni ya wavuvi, kwa kuwa usiku na baridi ni vyao. Na kulikuwa na sharti moja zaidi, la zamani, ambalo hakuna aliyekuwa akilitaja: hata ile nusu ya wavuvi, mama ndiye aliyeinunua, kwa bei aliyoisema mama. Hawakuruhusiwa kumuuzia mwingine.

Basi hasira yangu niliibeba kila mahali. Niliipeleka kwenye mazoezi ya kwaya, nikaipeleka kwa msusi wangu, ambaye alinivuta nywele ili ninyamaze, na mwishowe nikaipeleka ziwani. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka ndagala hawajali taa za mtu, kwa hiyo wavuvi wa mama walikuwa wamekaa mchangani wakishona wavu. Watu sita wazima, mikono ina kazi, masikio hayana kazi. Nani angeacha hadhira kama hiyo?

Niliwaeleza duka hilo ni nini na linakata vipi. Kapita alisikiliza bila kuinua macho.

"Banakamata fungu ju ya nini?" akauliza.

"Ju duka ni yao, papa," nikajibu; huku mzee huitwa papa, yaani baba. "Banaweka programu yangu pale, bantu banaiona, banalipa."

"Sasa kosa iko wapi? Si ni sawa na mutumbwi?"

Jibu hilo halikunipendeza. Nikamwambia si sawa hata kidogo, kwamba duka lile lilirudisha gharama zake zamani sana, na kwamba wenye nalo hawalowani na mvua wala hawajui hata kama mimi nipo duniani. Wavuvi walicheka. Hawakuona ubaya wowote mwenye chombo kuchukua fungu lake. Kwao ilikuwa kama nalalamika kwamba maji yanalowesha. Ikabidi nitoe silaha yangu ya mwisho. Nikawaambia kwamba katika masharti niliyoyakubali, siruhusiwi kumwandikia mnunuzi, ndani ya programu yangu mwenyewe, kwamba akinilipa mimi moja kwa moja nitampunguzia bei.

Kapita akasimamisha sindano.

"Ata kusema tu?"

"Ata kusema tu, papa."

"Kintu ni yako, na banakukataza kuuzisha fasi ingine?"

"Njo vile. Na ile njo inaniuma kabisa. Fungu yao bakamate. Lakini banifunge kinywa?"

Walitazamana juu ya wavu, kisha wakaendelea kushona. Mimi nikapanda kurudi nyumbani nimeridhika, nikiamini wamenionea huruma.

Siku chache baadaye mama alirudi kutoka ziwani, akatua beseni lake mlangoni na kuniita kwa sauti ileile ya "nimeshiba".

"Weye! Ulienda kuambia bantu yangu nini?"

Kumbe kapita alikuwa amemfuata kwa niaba ya wote. Alimwambia kwa heshima zote kwamba fungu la mwenye mtumbwi hawalikatai, lakini fungu lao wanataka kuliuza wanapopenda. Alisema wameanza kulifikiria baada ya mazungumzo na binti yake msomi. Tena hakuja mikono mitupu. Huko Makobola kulikuwa na mzee mwenye wavu mpya aliyekuwa akitafuta kapita pamoja na watu wake, na alitaka jibu kabla mbalamwezi haijaisha na giza kurudi ziwani.

Mama alinieleza haya yote akiwa bado amesimama. Mimi nilikaa chini. Kapita wa kuaminika haokotwi njiani. Wakiondoka wale sita, mtumbwi wa mama ungelala mchangani mpaka mbao zipasuke kwa jua, na nyumba yetu nzima ilikuwa inakula kutoka humo. Hata mimi, fundi wa programu, nilikuwa nakula kutoka humo. Fungu la mwenye mtumbwi ndilo lililoninunulia kompyuta, na ndilo lililoninunulia mega za intaneti ambazo kila wiki nilizitumia kuwalaani watu wanaochukua fungu.

Jioni hiyo tulitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja. Mama huwa ana maneno mengi wakati wa kutwanga, lakini siku hiyo yalikuwa maswali.

"Wavu ikipasuka, nani analipaka?"

"Ni weye, mama."

"Moteri ikikufa katikati ya ziwa?"

"Ni weye."

"Mwaka ile maji ilipanda mpaka ku mulango, nani alikimbiaka na wavu ku kichwa?"

"Ni weye, mama."

"Sasa mwizi njo minye?"

Nikamwambia hapana, mwizi si yeye, na nilimaanisha. Nikaanza kumtetea kwa moto: bila mtumbwi hakuna samaki wa kugawana, hasara zote ni zake, nusu yake ni haki yake. Nilikuwa nimeshaongea kitambo nilipotambua kwamba maneno hayo ni yaleyale ya wenye duka, yale waliyoyaandika kwenye ukurasa wao wa kutueleza kwa nini wanakata. Niliyasoma kwa dharau mwezi mzima, na sasa yalinitoka kinywani bila kukwama. Kusema kweli niliona aibu, nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

"Fungu yako ni haki, mama. Lakini kubakataza kuuzisha fungu yao, minye siwezi kusema ni haki. Ata kama unanipiga."

"Weye iko upande ya nani?"

"Sijue."

Akaninyang'anya mchi na kuendelea mwenyewe, kwa nguvu ambazo sombe ile haikustahili.

Mwezi ulipoanza kuchelewa kutoka, wavuvi waliteremka ziwani kama kawaida, lakini hawakupakia kitu. Walisimama kando ya mtumbwi, na taa zilikuwa bado zimepangwa mchangani. Mama alifika amevaa kitenge chake cha Jumapili, mimi nyuma yake nimebeba bidoni la mafuta ya mota. Nilimjua vizuri. Kitenge hicho kilimaanisha kwamba ama anaomba msamaha au anafukuza mtu. Siku hiyo nyumba yetu ingeweza kubaki na mtumbwi usio na watu, na mdomo uliosababisha hayo ulikuwa wangu.

"Fungu yangu haitapunguka," mama akaanza. "Ata kidogo. Wavu ni yangu, taa ni yangu, madeni ya moteri ni yangu."

Wavuvi waliziacha taa palepale mchangani.

"Lakini yenu ni yenu. Muuzishe kwa mwenye munataka. Ata kwa ule wa Makobola, kama iko na pesa."

Kapita alitazama ziwa, akatazama wenzake, kisha akainama akachukua taa ya kwanza.

"Merci, mama," akasema. "Ule wa Makobola alisemaka iko na wavu mupya. Lakini mutumbwi yake inavuja."

Kicheko kilipasuka mchangani, na mama akacheka kuwashinda wote, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge cha Jumapili. Nilimwaga machozi mimi pia, na yangu hayakuwa ya kicheko tu. Taa zilipakiwa, mota ikawaka, wakaenda. Tukiwa njiani kurudi, mama aliniambia kwa upole kabisa kwamba kipato kikipungua lazima kitu fulani kipungue, na amekwisha kukichagua. Mega zangu, kuanzia wiki hiyo, nijinunulie.

Asubuhi za kwanza hazikuwa rahisi kwake. Mke wa kapita aliweka beseni lake hatua chache kutoka kwa mama akawa anaita wateja kwa bei ya chini, tena kwa sauti nzuri, maana anaimba soprano. Mama alinuna. Alirudi nyumbani akisema ndagala wa mwanamke yule ni mchanga mtupu, ilhali walitoka wavu mmoja na wake. Halafu akapandisha bei anayowalipa wavuvi, na baadhi yao wakarudi kumuuzia kwa hiari, kwa kuwa mama hulipa papo hapo wala hana longolongo. Mke wa kapita hakurudi. Mpaka leo wanakaa jirani, wanagombania wateja, na beseni la mmoja likiisha hubaki hapo kumsaidia mwenzake kumaliza.

Mimi mega najinunulia. Programu inauzwa pole pole, duka linakata kumi na tano zake, na kinachobaki kinatosha intaneti, na wiki nyingine na soda. Nikiulizwa sasa kama makato hayo ni haki, siwezi tena kujibu kwa pumzi moja. Fungu naweza kulimeza, nimelelewa kwa fungu. Ni kule kufungwa kinywa ambako bado kunanikwama kooni.

Mama hakuridhika na jibu hilo. Jioni moja, wavuvi wakiwa wanapakia taa, alinigeukia mbele yao wote.

"Sasa weye. Minye nilibadilisha. Wenye mutumbwi yako, ulienda kubaona?"

Nikamwambia niliwaandikia. Jibu lilirudi dakika ileile, likinishukuru kwa maoni yangu na kunielekeza kwenye ukurasa wa masharti, yaleyale niliyokuwa nalalamikia.

"Apana kuandika. Kubaona. Banateremukaka saa ngapi?"

"Habateremuke, mama."

"Banakaa wapi?"

"Sijue."

"Na benzako, benye kuweka programu pale, banasemaka nini?"

Nikamwambia kwamba wenzangu wako dunia nzima, ni wengi kushinda ndagala, na simjui hata mmoja. Mama aliniangalia kwa huruma, jambo ambalo hulifanya mara chache, na hakutania. Kapita, mguu mmoja mtumbwini, akatikisa kichwa.

"Mama," akasema, "ule patroni wa mutoto wako, mwenye duka, iko na bahati."

Walicheka, nami nikacheka, wakawasha mota. Nilibaki nimesimama mpaka taa zao zilipoanza kuwaka majini, na niliwaonea wivu watu wale sita kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote mwenye mali. Walikuwa na mtu wa kumnunia ana kwa ana.