Fundi wa Leza na Uzi wa Thelathini na Moja
Fundi wa leza huvua viatu mlangoni mwa maabara, maana hata kisigino hutikisa mashine, na ratiba ya tramu za Melbourne, treni za barabarani zinazotikisa jengo zima, anayo kichwani. Vidole vyake, vilivyokauka kwa spiriti, huzungusha vifundo vya mashine polepole mno hata Losaline, mwanafunzi anayesubiri uzi mmoja wa DNA uvutwe bila kukatika ili amalize shahada yake, hutamani kumsukuma. “Mama, vuta basi!” “Tulia wewe. Tramu ya saa tano haijapita.” Anayekohoa hutolewa nje, hata mkuu wa maabara alishatolewa.

Siku ya uzi wa thelathini na moja, tramu ilipita. Mwanga wa leza ukazishika ncha mbili za uzi mmoja wa DNA, uliojiviringisha kwenye protini zake kama ulivyo ndani ya seli, ukaanza kuuvuta. Nyuzi thelathini zilishakatika hapo. Huu ukaachia: mstari wa nguvu ya kuvuta kwenye skrini ukashuka ngazi moja, ya pili, ya tatu, kila ngazi mzunguko mmoja uliofunguka. Losaline akajiziba mdomo. Fundi akalegeza, na uzi ukajikunja tena wenyewe, ngazi kwa ngazi. “Umerudi! Jamani, umerudi!” Ni fundi huyo, anaruka na soksi zake! Mstari ukachafuka meno meno kama msumeno, uzi ukakatika. Losaline alipochapisha picha ya mstari ule alitaka kuyakata yale meno. “Wee, yaache,” fundi akasema, akichukua kalamu. Mpaka leo picha iko ukutani, mshale ukielekea kwenye meno yale, na pembeni maandishi yake: Hapa ni mimi.