Sikio Lililobaki Kabatini

Hiii… fuu. Hiii… fuu. Mashine ya kupumulia inasikika tangu koridoni, kabla mlango haujafunguliwa. Ndani, asubuhi ikiwa imekwisha pambazuka, muuguzi mrefu mwenye sare ya kijani ameinama kando ya kitanda.

"Pole, baba. Nakugeuza kidogo. Pole."

Kila sindano ina pole yake. Kila plasta inayobanduliwa ina pole yake. Wenzake katika chumba hiki cha wagonjwa mahututi wanamwita Dada Pole.

"Wananicheka, eti naongea na waliolala," anasema. "Usingizi wa dawa haumgeuzi mtu gogo. Gogo halitoi machozi."

Alijifunza hilo akiwa msichana, alipoungua akalazwa muda mrefu. "Walinigeuza kama nguo inayopigwa pasi, bila neno. Nilikuwa nasikia kila kitu."

Leo utani ni mchache. Mgonjwa wake ni mzee seremala aliyepasuliwa utumbo wiki iliyopita. Dawa ya usingizi imepunguzwa, lakini haelewani na mtu. Anarusha miguu, anakunja uso, na mara mbili nusura auchomoe mpira wa hewa uliopita mdomoni. Mikono yake imefungwa kitandani kwa bendeji laini: mikono iliyotengeneza milango ya nusu ya mtaa.

Mpira hautolewi mpaka aonyeshe kwamba anafuata maelekezo. Akiambiwa abane mkono, anatazama dari. Ikiendelea hivyo, kesho atarudi chumba cha upasuaji, atobolewe koo apumulie hapo.

Dada Pole anashiriki utafiti unaoendelea hospitalini hapa. Wanataka kujua kama mambo madogo hupunguza mkanganyiko unaowapata wengi baada ya upasuaji mkubwa: taa kuzimwa usiku, pazia kufunguliwa mchana, mtu kurudishiwa miwani yake, kusikia sauti ya nduguye.

"Msiandike tumegundua dawa," anawaonya waandishi wa habari daktari anayeuongoza. "Andikeni bado tunatafuta."

Saa ya kutazama wagonjwa inafika. Binti wa seremala, mshonaji wa mashuka, anaingia kwa kunyata. Anazunguka hadi upande wa kulia wa baba yake, anainama, anapaza sauti: "Shikamoo baba!"

Mzee anageuza shingo. Kidogo tu, lakini anageuza.

"Mdogo wangu," anasema Dada Pole taratibu, "mbona unampigia kelele?"

Binti anatazama chini. "Sikio hili lina afadhali."

"Afadhali kuliko lipi?"

"Ana kifaa cha kusikilizia, dada. Misumeno ilimmaliza masikio. Siku ya upasuaji alinipa nikifiche. Hapendi kitajwe mbele za watu, hata kofia anaivaa kwa ajili hiyo. Mliponiuliza kama ana miwani nilisema hana. Na kweli hana."

Kumbe siku zote hizo walikuwa wakimwuliza maswali mtu ambaye hakuwa na sikio. Na binti alikuwa akilinda heshima ya baba yake, kama alivyolelewa.

"Kiko wapi?"

"Nyumbani. Kabatini."

"Basi, mdogo wangu, kimbia ukakilete."

Binti anarudi akihema, kifaa kimefungwa kwenye leso. Dada Pole anakifuta, anabadilisha betri, anakipachika. Kinapiga mluzi mwembamba. Macho ya mzee yanashuka kutoka darini.

"Habari za mchana, baba. Uko hospitali. Upasuaji umekwisha salama. Mpira huo mdomoni unakusaidia kupumua, ndiyo maana huwezi kusema. Binti yako huyu hapa. Nibane mkono."

Vidole vinene, vyenye makovu ya patasi, vinajikunja.

"Ahsante. Sasa niachie."

Haachii.

"Maelekezo nusu," anatania daktari, lakini tayari amegeuka kumwambia msaidizi wake kwamba safari ya kutobolewa koo imeahirishwa. Kesho watajaribu kuutoa mpira.

"Mwache anishike," anasema Dada Pole. "Ametafuta mtu wa kumshika siku nyingi."

Anachotaka sasa ni kifuko cha kitambaa kwenye kila kitanda, kinachomfuata mgonjwa tangu chumba cha upasuaji, ndani yake miwani, meno, masikio. Binti amekwisha kupima kwa shubiri upana wa ukingo wa kitanda.

"Vya kwanza nashona mimi," anasema. "Na cha baba kitakuwa na mfuniko, kifaa kisionekane."

Dada Pole anafungua bendeji, mkono mmoja, kisha wa pili. Mzee anaugusa mpira, anauacha, anagusa sikio lake. Machozi yanamtelemka hadi kwenye mto.

Muuguzi anainama tena, safari hii bila haraka.

"Usiku nitakivua ulale, baba. Nitakiweka hapa, ukikinyooshea mkono unakipata. Na kesho, kabla mtu yeyote hajakuuliza neno, nitakuwa nimekurudishia sikio lako. Nakuahidi."