Viatu vya Kwenda Uvira

Mwalimu wetu wa Lubondja alitangaza kwamba watatu wa kwanza katika mbio za Baraka watapelekwa Uvira kwa boti kushindana na wenzao, ila asiye na viatu haendi. Wenzangu waliota boti. Mimi nilimwota dada yangu, aliyenibeba mgongoni utoto wangu wote, akaolewa Uvira, na tangu hapo sikumtia machoni. Nikaanza kuviogopa hivyo viatu kabla sijaviona.

Siku moja kabla ya mbio, baba na mimi tulitembea tangu alfajiri mpaka Baraka. Nilifika miguu imevimba, vumbi tele. Baba akanisimamisha ufukoni.

"Nawa miguu muzuri. Usitupatishe haya mu duka ya batu."

Nikanawa, nikakaa na miguu ziwani mpaka ikapoa na uvimbe ukashuka. Hapo ndipo nilipojiponza. Dukani, viatu vya turubai vya kunifaa vilikuwa jozi mbili tu. Ya kwanza ilinikaa barabara. Ya pili iliacha nafasi mbele ya vidole.

"Kamata bile bikubwa," baba akasema. "Muguu yenye kutembea njo muguu ya kweli."

"Hapana, baba. Bitachomoka nikikimbia. Ibi binanitosha."

Baba akakohoa tu, akalipa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, lilichunwa. Kesho yake, kabla hatujafika mto Mutambala tulipotakiwa kugeukia, miguu ilikuwa imevimba tena na vidole vinawaka. Nilitaka kuvua viatu. Je, mwalimu akinifuta? Mbele yangu niliona migongo minne. Nikampita mmoja wakati wa kurudi. Karibu na soko nikampita mwingine, nikawa wa tatu, huku nalia wazi wazi, watu wananicheka.

Ndani ya boti miguu ilikataa kabisa kuingia viatuni.

"Sasa utakimbia na nini?" mwalimu akafoka.

Nilikuwa natazama mbele, nikihofu kwamba habari tulizomtumia dada za kuja kwangu hazikumfikia.

Zilimfikia. Alisimama gatini, amejifunga kitenge, mnene kuliko nilivyomkumbuka. Mbio hakuziulizia. Aliona viatu mkononi mwangu, akaketi palepale chini, akaipakata miguu yangu.

"Baba hakukuambia ukamate bikubwa?"

"Aliniambia," nikasema, na sikujuta hata kidogo.