Ukoka Uliotaka Kutuhamisha Mangarivotra

Wenzangu wa rika langu, mnaikumbuka miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado ngeni machoni, hata wazee wakaikosea rangi wakiielezea? Enzi zetu hizo mtoto hakuwa na saa, wakati aliujua kwa harufu. Mokari, ndugu wa vitumbua, zikinuka nazi na mchele uliochachuka, ndiyo asubuhi hiyo, kimbia chuoni ukasome Kurani. Samaki akilia kikaangoni, ndiyo mchana. Vumbi likinyunyiziwa maji mlangoni, ndiyo alasiri, na gololi zinakungoja. Vijana wa leo wana saa ya mkono na saa ya ukutani, na bado wanachelewa.

Mimi nilizaliwa kisiwani Nosy Be. Huko mvua haipumziki; unachomeka fimbo ardhini leo, wiki ijayo ina majani. Nilipofika miaka tisa, baba akapata kazi ya bustani mjini Mahajanga, katika nyumba kubwa ya serikali mtaa wa Mangarivotra. Mfaransa alikuwa ameshaondoka, ameingia bwana mpya, Mmalagasi, mtu wa miwani na maneno machache. Tukapewa chumba na baraza nyuma ya nyumba: baba, mimi, na Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota kwa mwalimu wa chuo, nikakikuza mwenyewe katika biashara. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo wenye vyeti huja kwangu kuomba kazi, na mimi nawapokea vizuri, nawapa majembe.

Sasa, mbele ya nyumba ile palikuwa na ukoka. Mfupi, mzito, kijani kama kasuku. Baba aliukata kwa mkasi mkubwa, amepiga magoti, akirudi nyuma kidogo kidogo kama anayepiga deki. Wapita njia walisimama ukutani kuusifu. Rabe peke yake, dobi jirani yetu, alisifu kwa kuchokoza.

"We Saidi, nywele zote umeziotesha chini, kichwani hukubakisha hata moja?"

Maana baba alikuwa na upara unaong'aa. Naye hakukosa jibu: "Zako wewe zimeota masikioni, nimekuja kukuuliza?"

Kisha kiangazi kikaingia. Si kiangazi cha Nosy Be, ambacho nacho hakikosi manyunyu. Cha Mahajanga ni miezi bila tone moja, ardhi inalia chini ya kisigino. Ukoka ukaanza kutoka mabaka ya manjano, kisha ya kahawia, kisha udongo mtupu. Baba akapiga magoti, akapapasa, akatikisa kichwa. Siku moja bwana akashuka ngazi na miwani yake, akasimama juu ya baka moja.

"Saidi, binti yangu anaolewa baada ya wiki nane. Hapa, juu ya majani haya. Yakiwa hivi, nitatafuta mtu mwingine wa bustani."

Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chai. Lakini kazi ndiyo iliyokuwa chumba chetu na chakula chetu. Kurudi Nosy Be maana yake ni mashamba ya miwa, na kifua cha baba kilikuwa hakiwezi tena miwa.

Baba akasema ni kiu. Akanyunyiza maji asubuhi, akanyunyiza jioni, mabaka yakaongezeka. Akasema ni funza wanaokula mizizi. Tukafukua, hatukuona hata mmoja. Akasema basi ni mkojo wa mbwa wa Rabe. Rabe akaja juu kama maji ya wali.

"Mbwa wangu mzee kuliko mwanao! Kuinua mguu hawezi, huku kwako atafika lini?"

Wiki ya pili baba akaanza kufunga vyombo. Akifunga, Shangazi anafungua. Akifungua, baba anafunga tena. Hawasemezani, kamba tu inakwenda na kurudi. Marobota yakabaki pale barazani, nusu yamefungwa.

Mimi sikuwa na elimu, lakini macho nilikuwa nayo, na mkitaka nijisifu nitajisifu. Nilikaa juu ya ukuta kutwa nzima nikiyatazama mabaka yale. Mkojo wa mbwa huacha duara. Haya yalikuwa yametawanyika kama upepeo uliokunjuliwa, kila moja limeanzia kwenye njia na kupanuka kuelekea ukutani. Nikajiambia, hiki kitu kimemwagwa na mtu. Nikashuka, nikachota udongo, nikautia mdomoni. Chumvi! Nikakimbia kisimani, nikaonja maji. Matamu kabisa. Basi chumvi ilikuwa inakuja na miguu yake.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, sikwenda chuoni. Nikajibanza nyuma ya maua. Kwanza nikasikia kandambili, halafu nikamwona Shangazi Zaina na karai kiunoni, midomo inasoma aya. Akachota kwa kiganja, akarusha kuelekea ukutani. Akasogea hatua, akarusha tena.

"Shangazi, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Naukinga ukoka wa baba yako. Huwasikii watu wanavyousifu hapo ukutani? Macho yote yale! Nosy Be si nilifanya hivi hivi kuizunguka nyumba yetu, na mipapai ikazaa mpaka ikachoka?"

"Lakini huku unazidi kukauka."

"Ndiyo maana nazidisha chumvi."

Nikaokota donge la udongo nikampa. "Onja, Shangazi."

"Mtoto huna adabu! Nile udongo?"

"Onja tu. Mimi nimeshaonja."

Akaonja. Akatema, akaonja tena. Kisha akakaa chini pale pale, karai mapajani.

"Nosy Be kulikuwa na mvua," akasema polepole. "Mvua ilikuwa inaichukua." Akanitazama, macho yamejaa maji. "Mimi ndiye ninayemfukuzisha ndugu yangu."

Nilimwambia tunyamaze, nitatafuta la kumwambia baba. Akakataa. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mswala wa baba, akamweleza yote bila kupunguza. Mimi nilikuwa mlangoni, tayari kukimbia. Baba akamtazama dada yake, akalitazama karai, akaushika upara wake kwa mikono miwili.

"Na mimi nimemtukana mbwa wa watu bure!"

Akacheka mpaka akalala chali. Shangazi naye akaanza kucheka huku analia, na mchana ule akampelekea mbwa wa Rabe kichwa kizima cha samaki pamoja na salamu.

Ugonjwa ukishajulikana, dawa ina njia. Baba alitoboa ardhi kwa nondo, shimo karibu na shimo. Maji hatukunyunyiza tena kidogo kidogo, maana hayo huiacha chumvi juu juu. Tulimwaga mengi kwa mpigo, ndoo baada ya ndoo, ili yaishushe chini, mizizi isipofika. Rabe akaja na ndoo zake za kufulia, akavuta maji kisimani nasi siku sita, akituchokoza mwanzo hadi mwisho. "Zaina, leo hutii na pilipili?"

Lakini pale palipokwisha kufa hapakuwa na cha kufufua. Hapo nikakumbuka Katsepy, ng'ambo ya ghuba. Nilivuka huko na baba mara moja, nikaona ng'ombe wakila ukoka mahali ambapo maji ya bahari hufika yakijaa. Ukoka unaokunywa bahari na kunenepa! Nikasema huo ndio wetu. Tukavuka ghuba na magunia matatu, tukarudi yamejaa. Ndani ya feri watu wakavunjika mbavu. "Wenzenu wanatoka Katsepy na kaa, nyinyi majani! Ng'ombe mmemficha wapi?" Baba akawajibu yuko nyumbani, anavaa miwani.

Tulipanda vipande kimoja kimoja, shubiri kwa shubiri, tukatia samadi ya zamani iliyochekechwa, tukaezeka makuti juu kuzuia jua. Siku kumi hakuna kitu. Shangazi hakulala vizuri. Siku ya kumi na mbili nikainua kuti, nikaona ncha za kijani, nyembamba kama sindano. Nilipiga ukelele, Rabe akadhani moto.

Siku tatu kabla ya harusi bwana akashuka ngazi. Akatembea kote, akasimama palipokuwa na baka.

"Hapa palikuwa pamekufa."

"Ndiyo, Mesye," baba akajibu, kwa lile neno la heshima alilotuachia Mfaransa.

"Dawa gani?"

Baba akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama mawingu.

"Maji, Mesye. Na kijana huyu."

Bwana akanitazama, mara ya kwanza tangu tuhamie. Kisha akageuka kwenda zake, na akiwa kwenye ngazi akasema, "Ile mizigo ya barazani, Saidi, ifungue. Inaziba njia."

Harusi ilikuwa harusi. Viatu vya visigino viliutoboa ukoka wetu, watoto wakabingiria, mtu akamwaga sharubati. Wageni walipoondoka, jua bado lipo, nilidhani baba atakasirika. Alivua kandambili, akajinyoosha juu ya majani, akatuita. Tukalala watatu sambamba, na Rabe akatupigia kelele kutoka ukutani kwamba tumegeuka shuka zilizoanikwa.

Hapo ndipo biashara yangu ilipozaliwa. Bustani nusu ya mji huu zimepita mikononi mwangu. Nina nyumba yangu Mangarivotra, ukoka wangu mara nne ya ule, wenye bomba lake na mashine yake. Wanangu, wasomi, wanataka tumwage zege waegeshe magari. Nawaambia wangoje kwanza nife. Wakija Ijumaa husimama barazani, wanausifu, wanatazama saa zao, wanaondoka. Ni mzuri, kila mtu anasema ni mzuri. Na mwaka mzima huu hajalala mtu juu yake.