Punje Nyeupe Ndani ya Nyama

Baba alipokuja kunitembelea Lewisville, Marekani, alikuwa amestaafu ukaguzi wa nyama kwa zaidi ya miaka kumi na tano, lakini macho yake hayakuwa yamestaafu. Kila tulipoingia dukani alisimama mbele ya friji za nyama, akainama, akageuzageuza pakiti mpaka wafanyakazi wakaanza kumwangalia. Rafiki yangu mmoja Mkenya, muuguzi mwenzangu, aliposikia habari hizo akaniambia, "Mpeleke Houston akale wagyu. Ile nyama yenyewe, ya kutoka Japani. Mzee kama huyo asirudi nyumbani bila kuionja."

Nikalipenda wazo lake. Nilikuwa pia na sababu ya pili, ambayo sikumweleza Baba mpaka tulipokuwa barabarani. Mama yangu mdogo, yaani mdogo wake marehemu Mama, anaishi Houston kwa binti yake, katika apatimenti za Gulfton. Yeye na Baba hawakuwa wamezungumza vizuri tangu siku mama mdogo alipoolewa, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Tulipopita Corsicana ng'ombe weusi walikuwa wametawanyika malishoni, na Baba akageuza shingo kuwafuata. "Yule wa mwisho anachechemea mguu wa nyuma," alisema. Mimi nilikuwa sijaona hata kama kuna wa mwisho.

Tulipokaribia Huntsville nilimwambia kwamba baada ya chakula tungepita kwa mama mdogo.

"Ungeniambia jana," alisema.

"Jana ungekataa, Baba."

"Ningekataa," alikiri, akaendelea kutazama nje.

Wakati wa harusi ile tulikuwa tunaishi Singida, na Baba ndiye alikuwa mkaguzi wa nyama wa mji. Babu mzaa mama alikuwa amemlisha ng'ombe dume mmoja kwa miaka mitatu kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho. Asubuhi ya harusi dume akachinjwa, na Baba, ingawa alikuwa mkwe katika nyumba ile, akaja na kisu chake na muhuri wake wa wino wa zambarau. Akakata misuli ya taya, akakata ulimi, akakata moyo. Ndani akakuta vifuko vya mnyoo wa tegu, vyeupe, kama punje za mchele zilizovimba. Hakupiga muhuri. Aliamuru lichimbwe shimo, nyama yote ikatupwa humo na kumwagiwa mafuta ya taa. Wageni wakala wali na maharage. Upande wa bwana harusi wakaondoka mapema, wengine hata hawakuaga, na mama mdogo akaingia kwa wakwe zake na jina la bibi harusi wa maharage. Mama aliendelea kumpikia Baba kila siku, lakini kwa miezi kadhaa hakula naye. Shuleni mimi niliitwa mtoto wa mfukia nyama, na nilimwonea Baba haya kiasi kwamba nilikuwa nikizunguka njia nisipite machinjioni.

Ukubwani haya ile iligeuka fahari. Nilipofanya usaili wa kazi hapa Marekani na kuulizwa ni nani aliyenifunza uaminifu, niliwasimulia habari za dume yule. Nilipewa kazi, na tangu hapo nimezisimulia mara nyingi.

Mgahawa wa Houston ulikuwa mdogo na mtulivu, wenye kaunta ya mbao ambapo mpishi anapika mbele yako. Tuliketi saa sita na nusu. Mpishi, mwanamume wa makamo mwenye kutabasamu kidogo, akatuwekea kwanza kipande kibichi ili tukione kabla hakijaguswa na moto. Kilikuwa chekundu cha kufifia, na kote ndani yake kulitapakaa vijidoa na vimistari vyeupe.

Baba alirudisha kiti nyuma.

"Nyama hii mimi ningeifukia," alisema kwa sauti ya chini.

Nikamtafsiria mpishi kwa heshima kadiri nilivyoweza, nikaeleza na kazi aliyokuwa akiifanya mzee. Mpishi hakukasirika. Aliingia ndani akarudi na karatasi, nakala ya cheti cha ng'ombe yule. Ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, mahali alipokulia, mahali alipochinjiwa, na alama ya pua yake iliyopigwa kwa wino kama sisi tunavyopiga dole gumba. Kisha akakata kijipande cha mafuta akakiweka kwenye kiganja cha Baba. Baba akakibonyeza kwa kidole. Kikaanza kuyeyuka palepale kwa joto la mkono wake.

"Kifuko cha tegu hakiyeyuki," alisema. Alivaa miwani akaisoma ile karatasi yote, ingawa Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na alipofika kwenye alama ya pua akaipitishia kidole taratibu. "Huyu alifuatiliwa na watu tangu siku ya kwanza," alisema.

Tukala. Kwanza vipande vyembamba vilivyopitishwa motoni kwa sekunde chache, vyenye chumvi tu. Kisha vingine juu ya wali. Baba alitafuna polepole, ingawa hakukuwa na haja kubwa ya kutafuna. Nikamuuliza ikoje. Akasema ni laini mno, na kwamba mtu akila nyingi ataugua, lakini aliyeitengeneza anaijua kazi yake.

Nilikuwa na furaha, na katika furaha ile nikamwambia jinsi nilivyoisimulia habari ya harusi kwenye usaili. Nilitaka ajue kwamba mtoto aliyekuwa akizunguka njia sasa anajivunia. Baba aliweka vijiti vya kulia juu ya kaunta.

"Vilikuwa saba," alisema.

"Nini?"

"Vile vifuko. Katika dume zima nilikuta saba. Kitabu chetu cha ukaguzi kilisema vikiwa vichache hivyo, nyama inaweza kuchemshwa mbele ya mkaguzi mpaka iive kabisa, watu wakala. Sufuria za harusi zilikuwepo. Kuni zilikuwepo. Ningesimama pale kwa saa tatu tu."

Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo.

"Watu walikuwa wananitazama. Walitaka kuona kama nitawapendelea wakwe zangu. Na mimi nilitaka waone kwamba sipendelei mtu." Akavua miwani. "Mama yako nilimwambia miaka mingi baadaye. Alisema alishajua."

Mpishi alituwekea chai, na tukainywa.

Mpaka tunafika Gulfton ilikuwa saa tisa. Mama mdogo alifungua mlango akiwa amejifunga kanga, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. "Shikamoo, shemeji," alimwambia Baba, kwa adabu tupu. Baba akaitikia, lakini hakukaa alipokaribishwa. Alisema amekuja na neno moja na hataki kulisema akiwa ameketi. Akamwambia yote, vile vifuko saba, kitabu, sufuria, na sababu yake.

Mama mdogo alisikiliza akiwa ameketi.

"Saba," alisema hatimaye. "Mama mkwe wangu alikufa akiniita maharage, shemeji. Kwa sababu ya saba."

"Ndiyo. Naomba unisamehe."

Aliinuka akaenda jikoni. Tulisikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu. Aliporudi alikuwa na jagi na beseni, macho mekundu.

"Siwezi kukujibu leo," alisema. "Usinihimize. Lakini nimepika ugali na mlenda, na hamtatoka hapa bila kula. Nawa mikono."

Tulikuwa tumeshiba, lakini tulikula. Waliongea habari za magoti yao, nani bado yupo Singida na nani ameondoka. Baba alimalizia ugali wote aliowekewa.

Hadithi ya dume yule siisimulii tena kama zamani. Nikiisimulia siku hizi naanzia kwenye sufuria, na mtu niliyemfanya kuwa mfano wa uaminifu namwona kuwa mwaminifu zaidi siku ile ya Houston kuliko asubuhi ya harusi.

Wiki mbili baadaye mama mdogo alinipigia simu na hakutaka kuongea nami. Aliomba apewe Baba. Baba akaingia nayo chumbani akafunga mlango, na walichoambiana hakuniambia. Alipotoka alinirudishia simu, akaomba nimwandikie namba ya mama mdogo kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, aende nayo nyumbani.